Jaji Katika Kiti cha Plastiki

Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa la kunisahihisha. Nilikuwa nimesimama karibu na geti la makazi yetu hapa Randburg, simu sikioni, nikimwambia mama yangu aliyeko Kakamega kwamba ile kitabu yangu ya mapishi imepotea tangu tuhame. Mzee wa Kihindi aliyekuwa akipita na fimbo yake alisimama, akasubiri mpaka nikakata simu, kisha akasema kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka:

"Kile kitabu changu, mwanangu. Kitabu chenyewe kimepotea, na wewe bado wakionea?"

Kwa muda niliokuwa nimeishi Johannesburg nilikuwa nimezoea Kiswahili cha Wakongo, cha Warundi, cha Watanzania wa madukani Soweto, lakini sikutarajia kusahihishwa ngeli na mzee aliyevaa sweta la kijivu na viatu vilivyong'arishwa kama anakwenda kuapishwa. Mimi ndiye Mkenya, na yeye ndiye aliyenifundisha.

Kiswahili alikiokota Mombasa utotoni kabla ya kupelekwa India. Hayo ndiyo yote niliyowahi kuyajua kuhusu utoto wake. Aliyekuja kuishi Randburg na binti yake, daktari wa meno, alikuwa mzee aliyekwisha kustaafu, jaji mwandamizi wa mahakama kuu ya jimbo moja huko India. Sote tulimwita Jaji. Papa Espoir, mlinzi wa geti letu, mtu wa Bukavu, alimwita Papa Jaji, na kila mzee alipopita, awe kwa miguu au ndani ya gari la binti yake, wawili hao walirushiana salamu za Kiswahili kwa sauti ya kuvuka mto. Binti yake alizaliwa na kukulia India, hakujua hata neno. Alikuwa akitabasamu tu na kuendelea kuendesha.

Watoto wetu alitufundishia Kiswahili yeye. Imani wangu alizaliwa hapa, na Kiswahili alikisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani: anafuata habari, lakini haimhusu. Ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza, na akikasirika, kwa Kizulu. Jaji alikuwa na dawa moja tu. Ukimwambia jambo kwa Kiingereza na yeye anajua una Kiswahili, hakusikia. Aligusa kile kifaa chake cha sikio, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaendelea kutupa dadu ya mchezo.

Yeye na watoto walikuwa wakicheza nyoka na ngazi, ule mchezo wa ubao, kibarazani kwake kila Jumamosi. Na hapa lazima niseme jambo ambalo waliomjua India huenda wasiliamini: Jaji alikuwa mwizi wa nyoka na ngazi. Akipata tano alihesabu sita kama kwenye sita kuna ngazi. Siku moja nikiwa jikoni kwao nilisikia Imani akipiga kelele, "Jaji, umeiba! Umeruka nyoka! Rudi chini!"

Mzee akaita, "Mama Imani, umesikia? Sentensi tatu kamili, na hakuna kosa hata moja!"

"Na kuhusu kuiba?" nikauliza kutoka jikoni.

"Mshtakiwa akiri kosa," akasema, lakini nilipotoka nje kipande chake kilikuwa bado kiko palepale juu ya ngazi.

Mambo ya kazi yake hakuyasimulia kwa majivuno. Yalitoka vipande vipande, mara nyingi wakati wa chai, kwa sababu chai yenyewe ilimkumbusha kesi aliyoipenda kuliko zote. Nje ya lango la mahakama yake kulikuwa na muuza chai mwenye jiko la mafuta na birika lililobondeka. Wakuu wa jiji wakataka aondolewe, wakidai kwamba anaishushia mahakama hadhi. Kesi ikamfikia Jaji. Aliamua kwamba muuza chai abaki, na katika hukumu yake akaandika kuwa hadhi inayovunjwa na harufu ya tangawizi haikuwa hadhi tangu mwanzo.

"Ukaenda kunywa chai ya ushindi?" nilimuuliza.

Alinitazama kama nimemwambia achukue rushwa. "Toka siku ile sikuinywa tena. Watu wangesema jaji ametetea kikombe chake. Nilikuwa nikipita garini, nafungua dirisha, nanusa, nafunga dirisha."

Alifanya hivyo mpaka siku ya kustaafu. Siku hiyo, baada ya hotuba na maua, alivua joho, akatoka kwa mguu hadi kwa muuza chai, ambaye sasa nywele zake zote zilikuwa nyeupe, akaagiza kikombe kimoja.

"Ikawaje?"

"Ilikuwa mbaya, mwanangu! Sukari tele, majani yamechemka mpaka yamekufa. Nilimaliza yote. Nikaagiza cha pili."

Kesi nyingine ilimgharimu. Serikali ya jimbo ilitaka kubomoa mabanda ya watu waliojenga kando ya reli, na ilitaka kuyabomoa katikati ya majira ya mvua. Kisheria, alisema, serikali ilikuwa na haki juu ya ardhi yake. Lakini asubuhi moja kabla ya kusikiliza hoja alikwenda mwenyewe na karani wake wakatembea katikati ya mabanda, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Akaamua kwamba hakuna ukuta utakaoguswa mpaka mvua iishe na watu waonyeshwe pa kwenda. Muda si mrefu akahamishwa, akapelekwa kwa miaka kadhaa tawi la mahakama lililo ukingoni mwa jangwa.

"Nadhani walitaka nisione mvua tena," alisema, akicheka hadi akakohoa. Nilimuuliza kama hakuumia. Akafikiri. "Mke wangu aliumia. Alipenda bustani. Mie huko jangwani nililala vizuri kuliko mahali popote."

Si kwamba alishinda kila mara. Kuna kesi ya wanawake wa maduka ya nguo, waliokatazwa kuketi tangu duka linapofunguliwa hadi linapofungwa, hata kama hakuna mteja. Walikaa majaji watatu. Wenzake wawili walisema sheria haitaji kiti popote, na kwa hiyo hakuna haki iliyovunjwa. Yeye aliandika maoni yake peke yake, marefu, kwamba sheria haitaji hewa pia, ila hakuna anayedhani mfanyakazi anaweza kunyimwa. Walimshinda wawili kwa mmoja, na ikabaki hivyo.

Lakini yeye hakuiacha ile kesi. Kila tulipoingia dukani hapa Randburg alipofika kwenye mashine ya kulipia aliinama kidogo na kumuuliza mhudumu kwa Kiingereza chake cha zamani kama ana kiti. Binti yake alikuwa akijificha nyuma ya rafu za biskuti kwa aibu. Siku moja msichana mmoja alimjibu, "Eish, Baba, kiti ninacho. Nimechoka kukaa ndiyo maana nimesimama." Jaji alilicheka jibu hilo wiki nzima. "Naye ana haki," alisema. "Sikuwahi kufikiria upande wake."

Unaweza kudhani mtu wa namna hiyo alikuwa na uamuzi mwepesi katika kila jambo. Wapi! Mkahawani alisoma orodha ya vyakula kutoka juu hadi chini, akairudia, kisha akamwomba mhudumu amchagulie. Binti yake alipotaka kubadilisha mapazia, sampuli mbili za kitambaa zilining'inia sebuleni tangu baridi ilipoanza hadi jakaranda zikachanua, kwa sababu baba alikuwa "bado analifikiria." Nilimtania kwamba ameamua kesi za watu maisha yake yote na sasa ameshindwa na pazia.

"Mahakamani kila upande waja na hoja zake," alijibu kwa uchungu wa kweli. "Pazia halina wakili."

Kitu alichokipenda kuliko vyote Johannesburg kilikuwa robot iliyozimika, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani. Umeme ulipokatika na taa za njia panda zikafa, Jaji alichukua fimbo na kofia akaenda kusimama pale kona. Alitazama magari yakisimama pande zote nne, hili linakwenda, lile linangoja, hili linakwenda, bila askari wala kelele, hata teksi, matatu za huku, zilizojaa abiria, ambazo siku nyingine huogopi chochote barabarani kama unavyoziogopa. Siku moja nilisimamisha gari nimpakie.

"Hebu tazama," aliniambia kabla ya kupanda. "Hakuna anayewalazimisha. Nimetumia maisha yangu kuwaambia watu zamu ni ya nani, na hawa wanajua wenyewe."

Nyuma yangu mtu alipiga honi. Zamu ilikuwa yangu.

Pale kwenye makazi yetu tulimgeuza mahakama bila kumwomba ruhusa. Kamati ya wakazi ilikuwa na mwenyekiti, mhandisi mmoja mstaafu mwenye roho nzuri na subira ndogo, na kila palipotokea ugomvi alimwita Jaji akae katikati. Tulikutana lapani, kile kibanda cha kuezekwa kwa nyasi tunachochomea nyama. Jaji alisikiliza pande zote, akafumba macho, akatoa uamuzi. Kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi nyumba ya tisa na kuwakosesha watu raha aliiruhusu iendelee hadi jua litue, kwa sharti kwamba wajifunze wimbo wa pili, maana ule mmoja majirani walikuwa wamekwisha kuuhifadhi. Pande zote zilitii.

Ndiyo maana, ilipokuja habari ya Papa Espoir, mwenyekiti hakuwa na shaka nani wa kumwita.

Ilikuwa alasiri ya mvua ya ngurumo, umeme hakuna, na Papa Espoir alikuwa akisukuma geti kwa mikono. Binti wa Jaji alikuwa akirudi na baba yake. Gari lilikuwa nusu ndani nusu nje wakati geti, lililokuwa zito na lililosimama kwenye mteremko, lilipoteleza na kurudi, likakunja mlango wa nyuma na kung'oa kioo cha pembeni. Hakuna aliyeumia. Binti, yule daktari, kwa hasira zake, aliiandikia kampuni ya ulinzi kwamba mlinzi aliachia geti bila onyo lolote. Kampuni ikasema itamwondoa Papa Espoir mwisho wa wiki, isipokuwa kamati imtetee. Jaji hakujua lolote kuhusu barua hiyo. Mvua ile ilimpa homa, akalala kitandani siku kadhaa.

Papa Espoir alinijia mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa akiishi mtaa wa Berea na mkewe, chumba kimoja katika fleti ya watu wengi.

"Mama Imani, banataka kunifukuza kazi," alisema. "Na bibi alizala juzi tu. Mimi nililia 'ngoja,' nililia kwa nguvu, geti ilikuwa inanishinda. Minaapa kwa Mungu. Kingereza kilinikimbia. Utanisemea?"

Nilimwambia nitamsemea.

Jumamosi tukakusanyika lapani. Mawingu meusi yalikuwa yamejipanga upande wa kusini. Mwenyekiti alikuwa amemwekea Jaji kiti chake cha kawaida, kile cha mbao chenye mto. Mzee alikuja polepole, bado dhaifu, akakisikiliza kisa kikisomwa. Nilimwona anamtazama binti yake, kisha Papa Espoir. Akainuka.

"Siwezi kukaa hapa," alisema.

"Kwa sababu daktari ni binti yako?" aliuliza mwenyekiti. "Sisi sote tunakuamini, Jaji."

"Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba nilikuwamo garini. Mimi ni shahidi."

Akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na jiko la kuchomea nyama, akakiweka mbele yetu sote, akaketi. Mwenyekiti akabaki na kile cha mbao, akiwa hana la kufanya isipokuwa kukikalia mwenyewe.

Kwanza nilitafsiri maneno ya Papa Espoir: kwamba geti lilimzidi nguvu, kwamba alipiga kelele. Daktari akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mwongo, na alisema alichokijua: "Alipiga kelele, ndiyo. Lakini huwa anapiga kelele kila siku. Anamsalimia Baba. Nilidhani ni salamu."

Mwenyekiti akamgeukia shahidi. "Jaji, ulisikia nini?"

"Nilisikia 'ngoja.' Alisema, 'Ngoja! Ngoja kwanza!' Mara mbili."

Mwenyekiti akanitazama. Nikamwambia maana ya neno hilo. Watu wakanong'ona.

Hapo binti yake akasimama. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini swali lilikuwa la haki, na yeyote pale angeliuliza. "Baba, ulikuwa umevaa kifaa chako cha sikio?"

Mzee akakigusa kifaa hicho sikioni.

"Hapana," akasema. "Huwa nakivua garini kwa sababu ya redio yako."

Mtu mmoja akacheka. Masikio ya Jaji yakawa mekundu. Nikamwona Papa Espoir akiinamisha kichwa; alijua maana ya kicheko hata bila tafsiri.

Jaji akakitoa kile kifaa sikioni, akakiweka juu ya meza, kando ya chupa ya sosi ya nyanya. "Mwambieni aende getini," alisema. "Apaze sauti kama siku ile. Aseme neno lolote alitakalo, nisiloambiwa mapema."

Papa Espoir akaenda. Geti haliko karibu na lapa, na upepo ulikuwa umeanza. Tuliona akigeuka, akaweka viganja mdomoni. Sauti ikaja.

Jaji alikuwa amefumba macho. "Asema, 'Papa Jaji, mvua inakuya,'" akasema. "Yaani mvua yaja. Wabukavu ndivyo wasemavyo." Nikawathibitishia wengine kwamba hayo ndiyo maneno yake. Kisha Jaji akafumbua macho, akamtazama binti yake, na hapo alizungumza naye peke yake kwa Kiingereza, ingawa sote tulisikia. "Nilimsikia, mama yangu. Nilielewa, na ndani ya gari lile aliyeelewa ni mimi tu. Sikukwambia upesi. Nilikuwa nasinzia, na mpaka nipate neno lake kwa lugha yako, geti lilikuwa limefika. Usimlaumu yeye. Kama wataka wa kulaumu, niko hapa."

Daktari akatoka nje ya lapa, matone ya kwanza yakimwangukia begani, akatembea hadi getini. Hatukusikia alichomwambia Papa Espoir. Tulimwona tu akiushika mkono wake kwa mikono yake miwili, na mlinzi akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka, mvua ikiwapiga wote wawili mpaka mwenyekiti akawapigia kelele warudi.

Barua ya kamati ilikwenda kwa kampuni siku hiyohiyo, na Papa Espoir akabaki. Kabla hatujatawanyika nilimletea Jaji chai. Hakuweza kuishika, mkono ulitetemeka mpaka nikamshikia sahani.

"Miaka yote ile niliwaambia mashahidi: jibu ndiyo au la, acha maelezo," alisema. "Niliwakemea, Mama Imani. Wengine walikuwa wakitetemeka hivi hivi, na mie nikidhani wanadanganya."

Nilimwambia anywe chai ikiwa moto.

Baadaye daktari alinunua nyumba yenye bustani mtaa mwingine, wakahama. Tuliahidiana kutembeleana, tukatembeleana mara chache, kisha kazi na shule zikatumeza kama kawaida ya mji huu.

Majuzi nilimsindikiza mfanyakazi mwenzangu mahakamani kudai matunzo ya mwanawe. Korido ilikuwa ndefu, imejaa akina mama kwenye mabenchi, mabegi miguuni, watoto wanalia, karani anaita majina ambayo hakuna anayeyasikia. Na katikati ya benchi moja, amevaa sweta lake la kijivu, alikuwa Jaji, amepakata mtoto mchanga asiye wake.

"Jaji! Unafanya nini hapa?"

"Shh. Ndiyo kwanza amelala." Akanisogezea nafasi. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale. "Mama yake ameitwa ndani. Hawezi kujieleza mbele ya hakimu na mtoto akimvuta nywele. Mie humshikia."

Kumbe huja kila Jumatano. Binti yake humshusha akienda kliniki, humpitia saa ya chakula. Mara ya kwanza alikuja tu kutazama kesi, akapotea njia, akajikuta kwenye korido.

"Wajua, kule kwetu jaji huingia kwa mlango wa nyuma," alisema. "Gari, mlango, ngazi, kiti. Maisha yangu yote sikuwahi kupita mahali watu wanapongojea. Nilidhani kesi huanza nikishaketi."

Suruali yake ilikuwa na doa kubwa la maji pajani. Nilimwonyesha. Akalitazama bila kushtuka, akasema mteja wa asubuhi, mchanga kama huyu, alikuwa na haraka.

Mlango ukafunguliwa, akatoka dada mmoja, macho yamevimba lakini uso umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Akampokea mwanawe. "Ngiyabonga, mkhulu," alimshukuru kwa Kizulu, akimwita babu, kisha akamuuliza kwa Kiingereza kama ameajiriwa pale. Jaji akatikisa kichwa, akamwambia hapana, yeye naye anangoja tu.

Mikono yake haikupata hata kupumzika. Upande wa pili wa korido karani aliita jina, na mwanamke mwingine akainuka kwa haraka, akatazama huku na huku, akamwona mzee. Alikuja moja kwa moja, akamkabidhi mtoto bila kuuliza, akakimbilia mlangoni.

"Haya mwanangu, nenda kwa mwenzio," Jaji aliniambia, akimweka yule mtoto vizuri begani. "Mie niko kazini."

Mtoto alimtazama yule mzee kwa makini, midomo ikaanza kupinda, akafikiri kidogo, kisha akaamua kutolia.